"Papa" kwenye kijitabu cha mbegu za viazi

Habari mkuu. Umeuliza kwa nini kijitabu cha viazi mviringo kimeandikwa kwa Kihispania "Centro Internacional de la Papa", yaani Kituo cha Kimataifa cha Viazi: ni samaki au Baba Mtakatifu? Wote wawili hawamo. Tazama kwanza kineno cha mbele. "La papa" ni kiazi, "el papa" ndiye Papa wa Roma. Ukikuta alama juu ya a ya mwisho, "papá", hapo ni baba mzazi.

Nami nilikwama hapo hapo, nimekalia gunia huku Uyole, mpaka nilipoona "semilla de papa", yaani mbegu ya kiazi, chini ya picha ya kiazi kilichochipua. Kihispania kilichukua neno hilo la kiazi kutoka Kikechua, lugha ya milima ya Andes, na zao lenyewe asili yake ni huko huko! Neno la Papa wa Roma limetokea Kilatini. Kituo kiko Lima, Peru, tangu 1971.