Kusoma stashahada ya sayansi ya maabara: ninayowaambia wadogo zangu wa Mtwara na Lindi

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, vijana wa hapa Mtwara waliofaulu Kemia na Biolojia kwa alama za wastani huniuliza kama stashahada ya sayansi na teknolojia ya maabara ni njia ya maana, au ni pa kujishikiza tu kwa aliyekosa nafasi ya kidato cha tano. Nimeisoma na ndiyo inayonipa kazi, kwa hiyo ninawajibu bila kusita kwamba ni njia kamili. Ila ina namna yake ya kusomwa, na anayeingia nayo kwa mazoea ya sekondari, yaani kukariri usiku wa kuamkia mtihani, hutaabika sana.

Muundo wenyewe hauna ugumu. Programu hizi husimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, na hupanda kwa ngazi tatu: ngazi ya 4 ni astashahada ya awali, ya 5 ni astashahada, na ya 6 ndiyo stashahada, ambayo humfungulia mhitimu mlango wa kuendelea na shahada. Anayetoka kidato cha nne anahitaji ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo yale ya sayansi ambayo kila programu huyataja. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ni miongoni mwa vyuo vinavyoifundisha fani hii. Kabla mzazi hajauza korosho zake kulipa ada, soma mwongozo wa udahili wa mwaka husika uhakikishe kwamba chuo na programu yenyewe vimo.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni daftari la maabara. Elimu hii hupima umahiri: mkufunzi anataka kuona kama unaweza kuandaa myeyusho, kupima, kukokotoa na kueleza kwa nini matokeo yako yaaminiwe, na ushahidi wa hayo yote umo ndani ya daftari. Andika namba papo hapo unapoisoma, kwa kalamu ya wino, pamoja na kizio chake. Ukikosea, piga mstari mmoja ili namba ya zamani iendelee kuonekana, kisha andika iliyo sahihi pembeni. Usiandike kwenye kipande cha karatasi kwa nia ya kunakili baadaye, kwa sababu namba iliyonakiliwa jioni hushawishi kurekebishwa ili ifanane na ya jirani, na hapo kipimo kinakuwa kimekwisha thamani.

Pili, kila hatua unayoelekezwa iulizie sababu. Chukua hidroksidi ya sodiamu, kemikali ambayo kila mwanafunzi huigusa mapema. Katika hewa yetu ya pwani, chembe zake zikiachwa wazi huanza kuloa muda mfupi tu, maana hufyonza unyevu, na pia hufyonza kabonidioksidi. Kwa hiyo uzito unaosomeka kwenye mizani si wa hidroksidi peke yake, na ukolezi wa myeyusho uliouandaa, yaani kiasi cha kemikali kilichomo katika kila lita, hauwezi kuaminiwa kwa hesabu tu. Ndiyo maana tunaanza na kabonati ya sodiamu kavu, ambayo hupimika kwa uhakika: gramu 1.325 zikiyeyushwa na kujazwa maji hadi mililita 250 hutoa ukolezi wa moli 0.05 kwa lita. Kwa myeyusho huo tunapata ukolezi halisi wa asidi, na kwa asidi hiyo tunaipima hidroksidi. Mwanafunzi aliyeuelewa mnyororo huu hahitaji kuukariri, na hata akipewa kemikali asiyowahi kuiona atajua aulize nini.

Hapo ndipo mtoto wa Kusini ana bahati ambayo wengi hawaioni, kwa kuwa mifano ya somo imemzunguka. Unyevu wa korosho ghafi, unaoamua kama mzigo utakaa ghalani bila kuota ukungu, hupimwa maabara kwa kukausha sampuli kwenye oveni hadi uzito wake usibadilike tena: gramu 10.00 zikibaki 9.10, unyevu ulikuwa asilimia 9. Chumvi ya mashamba ya Lindi huongezwa madini joto, yaani iodini, ili kuzuia rovu, na kiasi chake hupimwa kwa thiosalfeti, kemikali inayoiondoa iodini, na wanga, unaogeuka buluu penye iodini: rangi ya buluu ikitoweka, umefika mwisho. Wanga wenyewe hutiwa karibu na mwisho, baada ya umanjano wa iodini kufifia, kwa sababu ukitiwa mapema hushikamana na iodini nyingi na mwisho huchelewa kuonekana. Nilipokuwa chuoni nilijizoeza kuihusisha kila mada na kitu cha nyumbani cha namna hii, na mada hizo sijazisahau mpaka leo.

Hesabu inayotakiwa ni ya uwiano, asilimia, vizio na logi, lakini inatakiwa kila siku, hivyo ifanyie mazoezi kidogo kidogo tangu muhula wa kwanza. Masomo hutolewa kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa nikimweleza mwenzangu jaribio lote kwa Kiswahili kwanza, hadi akubali kwamba ameelewa, ndipo niandike ripoti.

Mafunzo kwa vitendo, ambayo sisi tunayaita fildi, yatafutie nafasi mapema, kwa barua ya chuo na kwa kufika mwenyewe. Kanda yetu ina maabara unazoweza kuziomba: kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, maabara za maji, hospitali, kiwanda cha saruji. Ukipokelewa, mwombe msimamizi wako akuruhusu kufuata sampuli moja tangu inapochukuliwa, inapopewa namba, inapopimwa kwa kurudia, hadi taarifa yake inaposainiwa. Na kabla ya kuondoka, omba akupitie daftari lako ukurasa kwa ukurasa, akuoneshe ni namba ipi asingekubali kuiwekea sahihi na kwa nini.