Maswali na Majibu: Somo la utamaduni kwenye shahada ya uuguzi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nipo kwenye kamati inayoandaa mtaala wa shahada ya uuguzi hapa Tanzania. Tumechukua mtaala wa chuo cha nje kama msingi, na tunataka kuongeza somo la "Utamaduni na Afya" mwaka wa pili. Je, linatosha?

JIBU: Marahaba. Halitoshi, na nakuomba mlitazame upya kabla rasimu haijafika Baraza la Uuguzi na Ukunga na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Somo la peke yake mwanafunzi hulifanyia mtihani, akalisahau. Utamaduni atakutana nao wodini, saa nane usiku.

Chukua degedege. Mama wa Bagamoyo analeta mtoto anayetukutika, macho yamegeuka juu. Kitabuni hiyo ni homa kali, pengine malaria iliyopanda kichwani. Kwa bibi wa mtoto, huyo kapitiwa na ndege wa kishetani, na akichomwa sindano atakufa. Ndiyo maana wapo wanaoanzia kwa mganga, mtoto akafukizwa kinyesi cha tembo, huku muda wa kumwokoa unayoyoma. Sasa mwanafunzi anaandika kwenye mpango wake wa huduma, kwa Kiingereza, kwamba mzazi "hana uelewa", anahamia kitanda cha pili. Nimesahihisha mipango mingi ya namna hiyo na kila mara inaniuma. Mzazi ana maelezo yake kamili, ila hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo degedege iingie ndani ya somo la uuguzi wa watoto, ukurasa uleule wa malaria. Kwenye lishe ondoeni jibini, wekeni dona, mihogo, dagaa na mchicha. Kisukari kifundishwe pamoja na mfungo wa Ramadhani: nani asifunge, na dawa zipangweje kati ya futari na daku. Kwenye ukunga, mwanafunzi ajue kuzungumza na mama mkwe, maana safari ya kwenda kujifungua mara nyingi haiamuliwi na mjamzito peke yake.

Mitaala ya nje pia humchukulia ndugu wa mgonjwa kama mgeni wa saa za kutazama wagonjwa. Kwetu ndiye anayeogesha, anayelisha, anayekimbilia dawa. Kumwelekeza ni ujuzi, upewe saa zake.

Halafu lugha. Tunafundisha kwa Kiingereza, mgonjwa anaumwa kwa Kiswahili, na huko Mbulu au Ngorongoro pengine hata Kiswahili hakipandi. Mfundisheni mwanafunzi kutumia mkalimani, asimtwishe mtoto wa mgonjwa kazi hiyo.

Mtihani wa vitendo ndio utakaobeba yote haya, kwa sababu wanafunzi husoma kinachotahiniwa. Wekeni kituo kimoja cha mtihani huo: bibi amekataa mjukuu kuchomwa sindano, mwanafunzi ana dakika 10, kwa Kiswahili. Alama za kwanza apewe kwa kumuuliza bibi anaonaje ugonjwa huu, kabla hajaeleza lolote. Kituo hicho mnaweza kukijaribu na wanafunzi wa stashahada hata kabla mtaala haujapitishwa.