Nusukaputi na Damu Inayopungua Ghafla

SWALI: Mtu akipungukiwa damu ghafla, moyo wake huenda mbio. Je, mgonjwa aliyepewa nusukaputi kwa ajili ya upasuaji mwili wake hujitetea vivyo hivyo?

JIBU: La, si kikamilifu. Kwa mtu aliye macho, hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ikishuka huku ujazo wa damu ukifidiwa kwa maji yanayotiwa mishipani, moyo hupiga haraka zaidi, na kila pigo hutoa damu nyingi zaidi, kwa kuwa damu iliyopungua uzito hupita mishipani bila ukinzani mkubwa. Dawa za usingizi hudhoofisha mawasiliano ya neva yanayouharakisha moyo. Hivyo mapigo huenda yasiongezeke sana, na mzigo huangukia wingi wa damu katika kila pigo, pamoja na tishu kufyonza sehemu kubwa zaidi ya oksijeni inayozifikia. Afueni ni kwamba mwili uliolazwa usingizi huhitaji oksijeni kidogo. Kwa sababu hiyo mtaalamu wa usingizi hapaswi kutulizwa na mapigo ya kawaida (kosa jepesi kulifanya), bali apime hemoglobini yenyewe. Na mapigo yakipanda, ashuku mapema kwamba ujazo wa damu haujafidiwa vya kutosha.