Mwandishi hajibu inboksi: tunakosea wapi?

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha kinamama wakulima wa mwani, Jambiani, Unguja. Siku hizi tunausaga mwani wenyewe na kutengeneza sabuni. Nimewafuata waandishi zaidi ya 10 Instagram, nawatagi kila tunapoposti, na kila mmoja nimemwandikia: "Habari, naomba mtutangazie kikundi chetu, ahsante." Hajajibu hata mmoja. Je, wanataka hela?

JIBU: Assalamu alaikum, Bi Katibu. Nilikaa dawati la habari miaka 9 kabla ya kuhamia kazi ya mawasiliano, kwa hiyo ujumbe kama wako nimeupokea mara nyingi. Huenda hata haujasomwa. Instagram humuwekea mtu ujumbe wa asiyemfuata kwenye maombi ya ujumbe, kando na inboksi yake ya kawaida, na mwandishi mwenye wafuasi wengi anaweza kumaliza miezi bila kufungua huko. Kwa hiyo kabla hujamwandikia tena, inabidi kwanza alijue jina lako.

Acha hao 10, chagua watatu wanaoandika habari za bahari, kilimo au biashara ndogo. Wasome mwezi mzima. Halafu changia pale penye kazi zao, kwa kile unachokijua wewe. Tuseme mmoja ameposti habari kwamba mwani wa aina ya kotonii unakufa kwa sababu maji yamekuwa ya moto. Wengine watamwachia vidole gumba. Wewe andika: "Huku kwetu kotonii tumeiacha, tumebaki na spinosamu ambayo bei yake ni ndogo. Kotonii inaweza kustawi kwenye maji ya kina, lakini huko kunataka boti na kujua kuogelea, na kinamama wengi hatujui." Maneno hayo machache yana habari mbili ambazo hakuwa nazo. Mwandishi akiona hivyo, yeye ndiye anayekufuata wewe, na siku hiyo ujumbe wako unaingia inboksi.

Kutagi kila posti acha kabisa. Simu ikilia mara 5 kwa sabuni ileile, mtu anazima sauti, na hutajua kwamba amezima.

Ukifika wakati wa kumwandikia, usiombe kutangazwa. Tangazo linalipiwa kwenye idara ya matangazo. Mwandishi anatafuta habari. Mimi ningeandika hivi: "Assalamu alaikum dada. Ni mimi wa Jambiani niliyechangia habari yako ya kotonii. Kikundi chetu kimeacha kuuza mwani wote mkavu kwa mnunuzi. Sehemu tunasaga na kutengeneza sabuni. Daftari la mauzo ninalo, na wanachama wawili wako tayari kuzungumza. Maji yanakupwa vizuri Jumanne ijayo kuanzia saa 4 asubuhi." Amepata kilichobadilika, ushahidi, watu na siku, bila kukuuliza chochote.

Hapo kwenye maji ndipo mnapowazidi wenye ofisi na viyoyozi. Picha nzuri ya shamba la mwani inapatikana wakati wa bamvua tu, yaani siku maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kupwa kwenyewe huangukia asubuhi, saa ambazo vyumba vingi vya habari viko kwenye kikao. Mwandishi wa mjini hajui hili. Mpe tarehe za bamvua za miezi miwili mbele ili aombe ruhusa mapema. Na usimpigie alasiri anapokimbizana na ukurasa. X nisingeanzia huko: ilizuiwa nchini Mei 2025, na waandishi wa hapa ni rahisi zaidi kuwapata Instagram na WhatsApp.

Kuhusu hela: usitoe. Najua bahasha zipo, na najua waandishi wengi wa kujitegemea hulipwa kwa habari iliyotoka, nauli wanajitolea wenyewe. Lakini ukishalipa mara moja umenunua ukurasa, na siku mna malalamiko ya kweli juu ya bei, mhariri atauliza mmelipa kiasi gani. Msaidie kwa kumpunguzia gharama. Picha zitume WhatsApp kama faili, kwa sababu zikitumwa kama picha za kawaida zinabanwa na gazetini hutoka na ukungu. Akija, chai na muhogo ni ukarimu wetu, hauna ubaya.

Jambo moja liliniumiza mwenyewe. Nilipoanza kazi hii niliwatumia waandishi watatu habari moja, kila mmoja nikimwambia ni yake peke yake. Ilitoka kwa wote siku moja. Wawili hawakunijibu tena, na walikuwa na haki. Ukiahidi habari kwa mtu, subiri akujibu au akukatalie. Siku 3 zikipita kimya, mwarifu kwamba unampa mwingine, ndipo umpe.

Na habari ikitoka na kosa, labda wameandika kilo badala ya tani, mwambie faraghani kwanza, tena siku hiyohiyo. Ukimsahihisha mbele ya wafuasi wake utakuwa umeshinda kilo na tani na kumpoteza mtu.

Bamvua lijalo, kabla ya lolote, piga picha ya mikono ikifunga mbegu kwenye kamba, maji yakiwa kifundoni. Iposti na jina la anayefunga, kwa ridhaa yake, na alichovuna mwezi uliopita. Usimtagi mtu.