Sayari yenye pete: ni Zohali au Sarateni?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu yuko darasa la sita. Kwenye daftari lake ameandika kwamba sayari yenye pete inaitwa Sarateni, na kwamba Zohali ni sayari ya saba. Juzi redioni mtangazaji alikuwa akieleza habari za chombo cha anga za juu kiitwacho Cassini, akasema pete ni za Zohali. Akaongeza kwamba chombo hicho "kilichunguza miezi mingi", nami nikadhani anataja muda. Tushike lipi? – Mzazi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mzazi mwenzangu. Shikeni la mtangazaji. Sayari yenye pete ni Zohali, na sayari ya saba ni Uranusi. Binti yako hana kosa, kwani amenakili orodha ambayo imezunguka vitabuni na kwenye chati za ukutani kwa miaka mingi. Kwa namna moja au nyingine orodha hiyo husomeka hivi: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Sumbula, Sarateni, Zohali, Kausi, Utaridi. Nimeshakutana nayo mara nyingi, na kila mara huniuma, kwa sababu ndani yake mna majina mazuri kabisa ya Kiswahili yaliyong'olewa mahali pake na kupandwa kwingine.

Tuanze na yale ya asili. Majina ya sayari tuliyonayo yalifika pwani kutoka Kiarabu, pamoja na elimu ya falaki, yaani elimu ya nyota, na hesabu za kalenda. Ni matano: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Yamekuwa matano kwa sababu sayari ambazo mtu huzitambua kwa macho matupu, bila darubini, ni hizo tano. Uranusi ilitambuliwa kuwa sayari mwaka 1781, William Herschel alipoiona kwa darubini yake huko Bath, Uingereza. Neptuni ilipatikana mwaka 1846, na Pluto, iliyohesabiwa kuwa sayari ya tisa hadi mwaka 2006, ilipatikana mwaka 1930. Kwa hiyo hakuna mzee wa Lamu wala wa Maskati wa zama za kale aliyeweza kuziita kwa jina lolote. Ukiona Uranusi, Neptuni au Pluto imepewa jina la kale, jua jina hilo limechukuliwa kwa mwenyewe.

Na ndivyo ilivyotokea. Aliyetunga orodha alikuwa na nafasi tisa za kujaza na majina ya kutosha hakuwa nayo. Akaingia kwenye buruji, yaani yale makundi kumi na mawili ya nyota ambayo Jua na sayari huonekana kupita mbele yake: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akarabu, Kausi, Jadi, Dalu na Hutu. Humo akatoa Sumbula, ambayo maana yake ni suke la nafaka, akampa Mshtarii, sayari ya tano. Akatoa Kausi, yaani upinde, akaipa Neptuni. Saratani ni kaa, yule wa baharini. Ndilo neno lile lile tunalolitumia hospitali kwa ugonjwa. Nadhani Saratani ilipewa sayari yenye pete kwa sababu mlio wake unakaribia jina la Kiingereza la sayari hiyo, Saturn, na irabu moja ikageuzwa ili lifanane zaidi. Zohali mwenye jina lake akasukumwa mpaka kwenye Uranusi, na Utaridi, sayari iliyo jirani kabisa na Jua, akatupwa kwa Pluto, mwisho wa safu.

Huenda ukauliza: jina si jina tu? Ilimradi tunaelewana? Tatizo ni kwamba hatuelewani, na hilo linaonekana mara tu unapojaribu kuandika habari ya kweli ya utafiti. Chukua hiyo hiyo Cassini. Chombo kilirushwa Oktoba 1997, kikafika kwa Zohali mwaka 2004, kikaizunguka kwa miaka 13 hadi kilipoporomoshwa makusudi ndani ya angahewa ya sayari hiyo tarehe 15 Septemba 2017. Zohali huchukua zaidi kidogo ya miaka 29 kulizunguka Jua, hivyo hukaa kwenye kila buruji kwa takribani miaka miwili na nusu. Mapema mwaka 2006 ilikuwa mbele ya nyota za Saratani. Mwandishi wa orodha ile angelazimika kusema: "Sarateni ilionekana katika Saratani." Msikilizaji wa redio afanyeje na sentensi hiyo?

Inazidi. Desemba 2010 dhoruba kubwa ilizuka kwenye mawingu ya Zohali, ikatambaa mpaka ikaizunguka sayari nzima, na Cassini ikaifuatilia kwa karibu. Wakati huo Zohali ilikuwa katika Sumbula. Sasa mtu aliyekariri kwamba Sumbula ni sayari akiambiwa "Sarateni iko katika Sumbula", ataelewa kwamba sayari moja imeingia ndani ya nyingine! Nimejaribu sentensi hii kwa wanafunzi wangu wa uandishi, na mmoja aliniuliza kwa dhati kabisa ziligongana lini.

Utaridi na Zebaki nazo zitazame. Zebaki ni ile madini ya maji maji inayong'aa, ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu huitumia kunasa chembe za dhahabu. Kiingereza hutumia neno moja, mercury, kwa madini hiyo na kwa sayari ya Utaridi, na aliyefasiri akachukua upande wa madini. Sisi tuna maneno mawili, basi tuyatumie yote mawili. Mwaka 2011 chombo cha MESSENGER kilianza kuizunguka Utaridi, na vipimo vyake vikathibitisha kwamba kwenye mashimo ya ncha zake, mahali ambapo jua halifiki kamwe, kuna barafu. Ukiandika "barafu imepatikana kwenye zebaki", mchimbaji wa Geita atakuelewa vingine kabisa. Na ukiandika kwamba Titan, mwezi mkubwa kuliko wote wa Zohali, una kipenyo kikubwa kuliko cha Utaridi, hiyo ni habari ya kumshangaza mtu, kwani mwezi umeizidi sayari. Lakini aliyefundishwa kwamba Utaridi ni Pluto hatashangaa chochote, kwa sababu hata Mwezi wetu huu umeizidi Pluto.

Kuhusu tahajia, wapo wanaoandika Zuhali, na kwa asili ya neno hawajakosea. Mimi nachagua Zohali kwa sababu ya sikio: Zuhura na Zuhali zikisomwa haraka redioni hukaribiana mno. Uranusi, Neptuni na Pluto ziachwe na majina yake ya kigeni. Hazikuwa na jina kwetu, na kukopa kwa uwazi si aibu.

Sasa hiyo "miezi mingi". Hapa mtangazaji hakukosea, ila hakumsaidia msikilizaji. Neno mwezi kwetu hubeba vitu viwili: ule unaoangaza usiku, na muda wa siku thelathini unaohesabiwa kwa huo. Zohali ina miezi zaidi ya 270 inayojulikana. Mtu akisikia "miezi 270" bila maelezo atapata miaka ishirini na mbili na nusu. Wengine wanapendekeza tuseme setilaiti, lakini setilaiti siku hizi ni ile inayorushwa kwa roketi, au lile dishi juu ya bati. Dawa yake ni nyepesi: mtaje mwenyewe. Sema "miezi ya Zohali", au taja jina kwanza kisha ueleze, "Enceladus, mwezi wa Zohali". Unapotaja muda, tanguliza "kwa muda wa" au "kwa kipindi cha". Na wetu tuuandike kwa herufi kubwa, Mwezi, ili msomaji aujue.

Tahadhari hiyo hiyo itakufaa kwenye neno jingine litakalomchanganya binti. Januari 2005 chombo cha Huygens, kilichosafiri kimebebwa na Cassini, kilitua Titan. Baadaye rada ya Cassini ikaonyesha kwamba karibu na ncha za mwezi huo kuna maziwa ya methani, gesi ambayo kwa baridi kali ya huko huwa kimiminika. Mtoto atafikiria maziwa ya kunywa. Andika "maziwa yaliyojaa methani, yenye kingo na visiwa", na picha itamjia sawasawa.

Swali dogo ambalo hukuuliza lakini wengi huuliza: tuseme Cassini kili- au ili-? Ukitaja chombo, fuata chombo: "chombo cha Cassini kiliona". Ukitaja jina peke yake, "Cassini iliona" inatosha.

Binti na aandike hivi kwenye daftari lake: "Mwaka 2005 chombo cha Cassini kiliona mvuke wa maji na chembe za barafu zikifoka kutoka kwenye nyufa za Enceladus, mwezi mdogo wa Zohali wenye upana wa kilomita 500 hivi." Chini ya barafu ya mwezi huo kuna bahari ya maji ya chumvi, kwa hiyo akiulizwa aendelee, ana la kusema. Halafu kabla ya mtihani nenda na daftari hilo kwa mwalimu wake, mkae pamoja na orodha ya sayari na orodha ya buruji mbele yenu. Mkizisoma sambamba, mwalimu ataona mwenyewe majina yaliyohama.