Baridi ya Mlimani kwa Mgumu Mpya

Wadogo zangu wagumu, yaani wapagazi mnaoanza kubeba mizigo ya wageni Kilimanjaro msimu huu, Moshi nzima itawaambia kwamba mwili huzoea baridi. Hiyo ni nusu ya habari. Kinachozoea ni hisia. Joto la mwili linaendelea kupotea vilevile, uwe umekuja juzi kutoka Tanga au umezaliwa Kibosho ukaamka na ukungu kila asubuhi. Nimebeba, nikapika, sasa ni gaidi msaidizi (gaidi ndivyo tunavyomwita kiongozi wa wageni mlimani), na wengi niliowaona wakizidiwa na baridi walikuwa wanasema wako sawa.

Hesabu yake ni rahisi. Kila ukipanda mita 1,000, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6. Njia ya Marangu inaonyesha vizuri: kambi ya Mandara ni mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Ukitoka Horombo asubuhi ukaingia Kibo mchana, nyuzi 6 zimeshaondoka, na bado upepo na usiku havijaja. Kileleni Uhuru, mita 5,895, si ajabu alfajiri ikakuta nyuzi 10 au 15 chini ya sifuri.

Lakini mwili hausomi kipimajoto. Mwezi wa saba, Moshi mjini ikifika nyuzi 15 asubuhi, bodaboda wamejifunika makoti na kofia za sufu hadi machoni. Siku hiyohiyo mgeni kutoka Norway anashuka kwenye gari geti la Machame na kaptula, anasifia hali ya hewa. Mtacheka, naye atawashangaa. Halafu angalieni jambo jingine. Kambi ya Machame, mnapolala usiku wa kwanza, na kambi ya Mweka, mnapolala usiku wa mwisho, zinakaribiana kimo, zote ziko kwenye mita 3,000 hivi. Machame vijana wanatetemeka wakigombania kukaa karibu na jiko. Mweka walewale wanakaa nje na fulana, wanacheza karata. Wametoka kambi ya Barafu, juu zaidi, basi.

Kwa hiyo usijifunze kuvaa kwa kumtazama mtu. Yule wa Norway ana mkoba mdogo mgongoni, usiku analala kwenye begi la kulalia lililoshonwa kwa ajili ya theluji, na maji ya moto anapelekewa hadi mlangoni mwa hema. Na nani anampelekea? Wewe. Mgumu mkongwe naye, anayekatiza uwanda wa Shira na ndala, usimwige. Mikono yake imepigwa na baridi kwa miaka, haiumi haraka kama yako, na anajua kabisa nguo zake kavu ziko wapi. Wewe bado hujui.

Saa mbaya kwa mpagazi ni ile ya kufika. Njiani una kilo 20 za mzigo wa kampuni na begi lako juu yake, umepanda unatoka jasho, umechemka. Unafika kambini kabla ya wageni, unatua, na hapohapo unaanza kusimamisha hema kwenye upepo. Shati limelowa. Dakika chache tu, mgongo mzima unakuwa wa baridi, na huwezi kuacha kazi. Badilisha shati kwanza, hema baadaye. Gaidi akikupigia kelele, mwambie mimi nimekutuma. Shati hilo la kubadilisha lifunge ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na usilivae ukitembea hata siku moja, hata kama asubuhi lile la jana ni bichi na linachukiza. Ukishalowesha yote mawili huna kitu. Asubuhi vilevile, anza safari ukiwa unasikia baridi kidogo. Sweta ulilovaa getini litakuwa jasho tupu kabla hujamaliza kilima cha kwanza.

Kuhusu nguo, pita soko la mitumba la Memorial kabla ya safari, lakini usinunue unene. Jinzi ni nene na ni mbaya kuliko zote, kwa sababu pamba inanyonya maji na kuyashikilia. Tafuta sufu, au zile nguo laini za michezo zinazokauka haraka. Viatu viwe na nafasi ya soksi mbili. Kiatu kinachobana kinazuia damu na vidole vinakufa ganzi ndani ya buti la bei mbaya. Asiye na fedha aende ofisi ya KPAP, shirika la kusaidia wapagazi, hapo Moshi, wanaazimisha wapagazi nguo za mlimani bila malipo. Wengi hawajui, au wanajua wanaona aibu.

Mimi naogopa mvua kuliko barafu. Usiku mkavu wa Barafu, mita 4,600 na ushei, hata ukiwa chini ya sifuri, mwenye nguo kavu na chakula tumboni anaumaliza. Mchana wa Aprili pale kwenye mwamba wa Lava Tower, nyuzi 3 au 4 juu ya sifuri, mvua ya kulala na upepo, huo ndio unaoangusha watu. Maji hunyang'anya mwili joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Ndiyo sababu mtu anaweza kuganda mahali ambapo hata maji hayajaganda.

Kula hata kama hutaki. Juu njaa hupotea, na tumbo tupu halina cha kuchoma. Chai kwenye kambi ya Barafu inachemka kwenye nyuzi 85 hivi, na inapoa kabla hujamaliza kupuliza, kwa hiyo inywe upesi na sukari ijae. Pombe iache mjini. Inafungua mishipa ya ngozi, unasikia joto zuri, kumbe ni joto lako mwenyewe linatoka nje.

Mtu akitetemeka, mwili wake bado unapigana. Mwogope aliyeacha kutetemeka na hajapata joto: anaongea kama mlevi, anashindwa kufunga zipu, anajikwaa pasipo na jiwe. Kuna anayefikia kusema anasikia joto na kuanza kuvua koti. Hapo hisia yake haifai tena kuulizwa. Mtoeni kwenye upepo, mvueni vilivyolowa, aingizwe kwenye begi la kulalia na mwenzake mmoja, anyweshwe kitu cha moto chenye sukari kama anameza vizuri, gaidi aambiwe, ashushwe. Vidole vilivyokufa ganzi msivisugue wala msivichome motoni. Viingie kwapani.

Na ukienda kwa gaidi, usimwambie tu "nasikia baridi". Kila mtu kambini anasikia baridi, na yeye ana wagumu thelathini wa kuwaangalia. Mwambie nimelowa hadi ndani. Mwambie vidole viwili sivisikii tangu saa nne. Mwambie sijala tangu uji wa asubuhi. Hayo yote anaweza kuyapima. Na bora zaidi umwambie getini, begi likiwa bado kwenye mizani, kwamba huna glavu, kwa sababu hapo kuna duka, kuna gari linarudi mjini na kuna wenzako wenye jozi mbili.