Ngano tumeacha, mbona mtoto bado amechoka?

Msusi wetu hapa Pasua, Moshi, ana mkono mzito. Akikusuka twende kilioni, machozi yanakutoka upende usipende. Binti yangu wa miaka tisa alikuwa analala. Kichwa kinavutwa huku na kule, yeye usingizi wa fofofo, udenda umelowesha khanga niliyomfunga shingoni. Wanawake waliokuwa wanasubiri zamu wakacheka. Mimi nilishindwa, maana wiki hiyohiyo dereva wa gari la shule alikuwa amenipigia simu: mtoto kapitiliza kituo, kalala kiti cha nyuma.

Binti yangu ana siliaki. Mtaani tunasema "mzio wa ngano" na nimechoka kusahihisha watu, ila kwa kweli siyo mzio. Ni kinga ya mwili wake inayoushambulia utumbo wake mwenyewe kila akila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Tiba yake ni kuacha hivyo vitu maisha yote. Tuliacha. Baada ya miezi michache tumbo lilinywea, kuharisha kukaisha, sketi ya shule ikawa fupi. Uchovu ukabaki palepale. Mwaka mzima ukapita.

Nikawa askari wa ngano. Mashine ya kusaga ya mtaani nikaihama siku niliyokuta mwenzangu anasaga ngano na mahindi yangu ndiyo yanafuata, kinu kikiwa bado cheupe. Chipsi za kibandani nikapiga marufuku, kwa sababu mafuta yaleyale ndiyo yanayokaanga sambusa. Uji wa lishe wa kununua nikaacha, maana wauzaji wengi huchanganya ngano humo. Soseji, mchuzi wa soya, vyote nje. Hatua hizo zote zilikuwa sahihi na sijazilegeza mpaka leo. Ulezi hauna shida, kwa wanaouliza. (Na mbege ya kienyeji, ambayo kimea chake ni cha ulezi, haina shida kwa siliaki. Hilo nawajibu akina baba tu.)

Lakini kipimo cha kingamwili za siliaki kiliporudi, zilikuwa zimeshuka hadi kawaida. Yaani ngano haikuwa inaingia. Nilikuwa nalinda mlango ambao mwizi hapiti.

Daktari akaniuliza, "Anakula nini?" Nikaanza kwa fahari: hali chapati, hali mkate, hali maandazi, hali tambi... Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Mama, nimeuliza anachokula."

Nilipoanza kuhesabu niliona aibu. Asubuhi chai ya rangi na ndizi ya kuchemsha au kipande cha kiazi kitamu. Saa nne wenzake wananunua maandazi. Yeye nimemkataza kila kitu cha dukani na sikumfungia chochote, kwa hiyo anakunywa maji. Mchana wali maharage wa shule, anaacha nusu kwa woga kwamba labda kuna ngano. Jioni mtori au machalari, vinyama viwili, na chai tena. Sehemu ya ule uchovu ilikuwa njaa, njaa ya kawaida kabisa, nyumbani kwa mtu anayejiita mama makini.

Hapo kwenye ndizi nisimame kidogo, maana sisi wa huku tunajivunia. Mwaka 1924 daktari mmoja wa Marekani, Sidney Haas, aliandika kwamba anawatibu watoto wa siliaki kwa ndizi. Watoto walipata nafuu kweli, na kwa miaka mingi watu wakaamini ndizi ndiyo dawa. Baadaye, miaka ya 1940, daktari wa watoto wa Uholanzi aitwaye Willem Dicke akaonyesha kuwa mbaya wao ni ngano. Ndizi ilisaidia kwa sababu ilikaa mahali pa mkate. Ndizi inashibisha na haiumizi, lakini madini ya chuma yaliyomo ni kidogo mno. Mimi nilikuwa nafanya kosa la Haas miaka karibu mia baadaye, hapahapa Moshi, kwa sufuria ya mtori.

Na chuma ndicho kilichokuwa kinamwangusha. Madini ya chuma hufyonzwa zaidi mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na hapohapo ndipo siliaki huharibu. Mtoto anaanza safari ya kupona akiwa na ghala tupu, na utumbo unaweza kuchukua miezi mingi kujirekebisha. Kisha sisi tunamwondolea unga wa ngano wa viwandani ambao kwa sheria zetu huongezwa chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12, tunampa unga wa mashine ya mtaani usioongezwa kitu. Juu yake tunamiminia chai, ambayo huzuia chuma cha kwenye mboga na nafaka kufyonzwa.

Dalili ilikuwepo, nikaipita. Kabla ya Pasaka nilikuta kwenye mfuko wa sweta lake vipande vya udongo, ule wanaouza sokoni wanaotafuna wajawazito. Nikamgombeza kuhusu minyoo. Mtoto anayetamani udongo mara nyingi ana upungufu wa chuma. Angehitaji kupimwa, akapata makofi mawili. Kama wako anatafuna udongo, barafu au mchele mbichi, usianze na fimbo.

Kingine. Zahanati moja ilishampima wingi wa damu ikasema "damu ipo", tukarudi nyumbani. Ilikuwa 11.6. Kwa mtoto wa miaka 5 hadi 11, chini ya 11.5 ndiyo huhesabika upungufu, kwa hiyo karatasi haikudanganya. Ila wingi wa damu ni pesa ya mfukoni. Akiba iko kwenye kipimo kingine, ferritini. Kwa umri wake, chini ya 15 ni upungufu. Yeye alikuwa na 6. Kwa hiyo ukienda, itaje ferritini kwa jina. Sisi tuliongeza vipimo vya B12, vitamini D na tezi ya shingo, kwa sababu magonjwa ya kinga kujishambulia hupenda kuja mawili mawili, na tezi ikizembea mtoto huwa mzito, anahisi baridi, anakosa choo. Kisukari cha aina ya kwanza nacho ni ndugu yao: mtoto akiwa na kiu isiyokatika, anakojoa sana usiku na anapungua, mpeleke siku hiyohiyo, usisubiri Jumatatu. Malaria, minyoo na selimundu havikimbii kwa kuwa mtoto wako ana siliaki.

Dawa ya chuma alipewa ya maji. Saa kumi na mbili kasoro, kabla ya kula, nabana chungwa kwenye kikombe, anavuta dawa kwa mrija ili meno yasipate weusi, kisha anakunywa chungwa lake, kwani vitamini C husaidia chuma kupita. Maziwa na chai vinasubiri. Siku ya tatu aliniita chooni kwa kelele: choo cheusi tii. Hiyo ni kawaida ya dawa, sema mapema mtoto asiogope. Chupa ifungie juu kabisa kabatini; mtoto mdogo akiinywa kama juisi inaweza kumuua. Na usiinunue kwa kukisia bila kipimo. Tuliendelea miezi mitatu zaidi baada ya damu kukaa sawa, kujaza ile akiba.

Chakula kilibadilika bila makubwa. Dagaa kwenye mnafu, limau juu. Maini mara moja kwa wiki, yasizidi, yana vitamini A nyingi. Uji wa kimea cha ulezi, kwa sababu nafaka iliyooteshwa huachia chuma kirahisi zaidi. Chai imehamia saa kumi jioni, mbali na milo, na bibi yake wa Kibosho ndiye aliyepinga kuliko wote: mtoto wa Kichaga aamke bila chai? Sasa anamkaangia mayai na kunung'unika.

Nafuu haikuja siku moja. Wiki ya tatu aliacha kulala kwenye gari. Mwezi wa pili akaanza kugombana na kaka yake, jambo ambalo sikujua kuwa nimelikumbuka.

Saa nne siku hizi ana kopo lake la kifuniko chekundu: karanga, yai, kiazi. Mwalimu wa zamu anajua kwamba halichangiwi. Wiki iliyopita lilirudi tupu na mafuta ya andazi kwenye kifuniko. Nimemuuliza, hajajibu. Tumepanga kipimo cha kingamwili mwezi ujao.